Aliyefuta Sauti za Watu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika redioni na diploma ya informatiki ndani ya bahasha ambayo nilikuwa nimeipiga pasi. Nilikuwa binti aliyetoka kusoma Lubumbashi, nimerudi kwetu Kalemie, na niliamini Direkta ataniuliza habari za ordinateri, yaani kompyuta. Hakuniuliza. Alinikalisha kwenye kiti cha mbao, akanivalisha kaski masikioni, akawasha kaseti.

Nilisikia mwanaume akikohoa. Kisha akataja jina lake, kijiji chake karibu na Ankoro, na jina la mke wake. "Kama uko hai," alisema, "mimi niko Kalemie, kwa watu wa kanisa. Watoto niko nao. Ule mudogo anakuulizia."

"Unasikia, Mama?" Direkta aliniuliza. Aliniita Mama ingawa nilikuwa bado sijaolewa.

"Nasikia, Papa Direkta."

"Huyu muntu alisema haya wakati wa vita. Kaseti yake inaoza. Ukijua mambo yote ya mashini na hii sauti ikapotea, nitakurudisha kwenu."

Alikuwa mkali, mwalimu wa zamani, hacheki ovyo. Nilimwogopa, nikampenda. Ninyi vijana mnaosoma haya hamkuwa mmezaliwa wakati watu walipotawanyika, wengine Kongolo, wengine Moba, wengine ng'ambo Kigoma. Simu hazikuwepo. Mtu alifika redioni, alisimama mbele ya mikro, alitaja jina lake na jina la anayemtafuta. Wengi walipatana kwa njia hiyo. Wengine hawakupatana, na sauti yao kwenye kaseti ndiyo kitu pekee kilichobaki duniani kuonyesha kwamba waliwahi kuishi.

Kazi yangu ilikuwa kuzihamisha sauti hizo kutoka kwenye kaseti na kuziingiza kwenye serveri, yaani ile mashini kubwa inayotunza mafaili ya nyumba nzima na kuyatoa hewani. Kaseti unaicheza mwanzo hadi mwisho, huwezi kuiharakisha. Kwa hiyo nilisikiliza zote. Kila sauti niliipa faili lake na kila faili nikaliandika jina la msemaji, kijiji chake, na mtu anayemtafuta. Nilifanya hivyo miaka mingi. Walinituma pia Moba kusimika kituo kidogo. Nilipita ziwani kwa boti na ordinateri iliyofungwa ndani ya godoro, na nilipofika nikakuta mjusi ameingia kwenye kisanduku cha umeme akaungua pamoja nacho. Nilikaa kule hadi kituo kikasema. Kisha wakanirudisha Kalemie.

Serveri yetu haikuwa na madirisha ya kubofyabofya. Ilikuwa na kioo cheusi na maandishi meupe. Unaandika amri, unabonyeza kitufe cha Antre, mashini inatii. Haikuulizi kama una uhakika, haikuulizi kama umelala vizuri. Wengi waliichukia. Mimi niliipenda jinsi wengine wanavyopenda mpira.

Aliyenielewa alikuwa Papa Sylvestre, fundi wa emeteri, ile mashini inayorusha matangazo kwenye antena. Yeye wazimu wake ulikuwa bia. Aliotesha mtama kwenye magunia mabichi, akaukausha, akausaga, akaupika huku ameshika kipimajoto kama muuguzi. Alikuwa na kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya pipa. Kadiri sukari inavyogeuka kuwa pombe, ndivyo kijiti kinavyozama. Bia yake kali kuliko zote aliiita Shika Ukuta, kwa sababu mnywaji akisimama, ukuta ndio kitu cha kwanza anachotafuta. Mimi sijawahi kuionja. Kwetu ni Waislamu, babu zangu walifika hapa na biashara ya ziwa, na Papa Sylvestre hakunishawishi hata siku moja. Lakini nilimtengenezea kifaa kidogo cha kuonyesha joto la mapipa yake kwenye kioo, na tulikuwa tukikaa parsele kwake, pale uani, saa nzima, yeye akinieleza chachu, mimi nikimweleza mafaili, na mke wake akituambia kwamba sisi wote wawili ni wagonjwa.

Direkta mzee alipostaafu, kamati ya redio ilituletea Direkta mpya. Alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, aliyejua kuvaa. Nilikuwa na diski ya pili, ya nje, ambayo juu yake nilikuwa nanakili sauti zote, ili moja ikifa nyingine ibaki. Aliichukua akaenda nayo nyumbani. Nilipoidai, ilirudi imejaa filamu na mechi za mpira. Sauti zetu alikuwa amezitoa ili apate nafasi.

"Mama Zuhura, ziko kwenye serveri," alisema. "Mahali pamoja panatosha. Muntu hana vichwa viwili."

"Direkta, kaseti zenyewe zimeshaoza. Serveri ikianguka?"

"Itaangukaje na wewe uko hapa?"

Nilikwenda kwa kamati. Waliniambia nielewane na mkubwa wangu. Na siku chache baadaye mkubwa wangu akanidai neno la siri la serveri, lile linalofungua kila mlango. Nilikataa. Kamati ikanilazimisha, nikampa.

Sasa nieleze lile jambo lenyewe.

Ilikuwa asubuhi, na redio ilikuwa ikitoa hotuba ya mkubwa mmoja wa serikali, iliyorekodiwa jana yake. Mji mzima uliambiwa usikilize. Nilipoingia chumba cha mashini nilimkuta Direkta ameketi kwenye kiti changu. Alitaka nafasi kwenye diski kwa ajili ya picha za sherehe ya hotuba ile. Sauti zote, hata hotuba yenyewe, zilikuwa ndani ya sanduku tuliloliita sauti, na ndani yake mlikuwa na kisanduku kidogo tulichokiita muda, cha vitu vya kutupa. Alitaka kufuta hicho kidogo. Amri ya kufuta ni fupi, herufi r na m, halafu alama ya kuiambia mashini ifute kila kilichomo bila kuuliza, halafu njia ya kufika: /sauti/muda. Yeye aliandika /sauti, akaacha nafasi, kisha /muda. Hiyo nafasi tupu, kitu ambacho hata huwezi kukiona, iliigawanya amri. Mashini ilielewa: futa sanduku la sauti lote, kisha futa kitu kingine kiitwacho muda. Akabonyeza Antre.

Niliona amri bado iko kwenye kioo. Niliisoma herufi kwa herufi.

"Direkta, umefuta sauti zote."

Aliinua kidole kuelekea spika ukutani. "Sikiliza. Hotuba inaendelea. Hakuna kilichofutwa."

Hotuba iliendelea kweli, na hapo ndipo ujinga unapokuwa hatari. Faili ambalo mashini inalicheza haliondoki hadi limalizike. Jina lake limeshafutwa, lakini mashini bado imelishika mkononi. Na hata mafaili mengine hayakuwa yameungua. Ukifuta, mashini inafuta majina na mahali yalipo tu. Sauti zenyewe zinabaki juu ya diski, bila mlinzi, hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo dawa ni moja: usiandike chochote, zima mara moja.

Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwa adabu, kisha kwa kupaza sauti. Naye alikuwa ameshachomeka ufunguo wake wa USB, ananakili picha za sherehe. Picha zilikuwa zikiingia moja moja, kila moja ikilala juu ya mtu.

"Simamisha, Direkta!"

"Mukubwa anasema redioni na wewe unataka nizime? Unataka wanifunge?"

Nilipita nyuma ya kiti chake, nikashika waya unaotoka kwenye onduleri, kile kisanduku kinachoshikilia umeme ukikatika, nikauvuta. Kioo kikazimika. Mkubwa wa serikali akanyamaza katikati ya neno, na Kalemie yote ikasikia kimya.

Watu wa usalama walifika kabla ya adhuhuri. Waliniuliza nani amenituma. Niliwaeleza mambo ya diski, mmoja akapiga miayo. Waliniachia jioni, na siku iliyofuata kamati ilikutana. Direkta alisimama na suti yake, akasema maneno ambayo hadi leo ninayakumbuka.

"Mama Zuhura alivuta waya kwa hasira. Kwa sababu ya kuvuta waya, sauti zote za kumbukumbu zimepotea."

Mimi! Niliyezisikiliza zote, moja baada ya nyingine, hadi nikawa naota majina ya wake za watu! Niliomba kusema. Mwenyekiti wa kamati alisema, "Mama, usiongeze moto." Papa Sylvestre aliinuka kunitetea, wakamwambia yeye ni fundi wa antena, hayamhusu. Wakanistaafisha siku hiyo hiyo, "kwa manufaa ya redio". Wenzangu waliojua ukweli waliangalia viatu vyao. Sikuwasamehe hao pia. Wana watoto wa kulisha, najua. Mimi sikuwa na watoto?

Direkta aliweka diski mpya kwenye serveri na ile ya zamani akaitupa kwenye depo pamoja na matairi. Papa Sylvestre akamwendea.

"Direkta, ile diski iliyokufa naiomba. Ndani kuna sumaku nzuri. Nataka kukorogea chachu yangu."

Sumaku ni kweli zimo, na ni kweli wapishi wa bia huzitumia. Direkta alicheka. "Chukua, Papa. Ni takataka." Hata hakujua alichokuwa anatoa.

Papa Sylvestre aliileta kwangu imeviringishwa kwenye kitambaa. Tulifanya kazi kwake, kwa umeme wa jua aliokuwa nao kwa ajili ya mapipa. Kwanza niliinakili diski nzima juu ya diski nyingine bila kuigusa, maana mgonjwa hapasuliwi mara mbili. Kisha nikatumia programu inayopita kipande kwa kipande, ikitafuta alama inayoanzisha kila faili la sauti, kama mtu anayepapasa gizani akitafuta vichwa vya watu waliolala. Sauti ya kwanza ilipotoka, mama mmoja akisema "Mimi niko Moba, niko muzima," Papa Sylvestre aliacha pipa likafurika jikoni. Hakuna aliyeinuka kulifunga.

Tulipata nyingi. Zile zilizolaliwa na picha za sherehe hatukuzipata, na hazitapatikana tena. Na zote tulizopata zilikuwa zimepoteza majina ya mafaili. Wengine walijitaja wenyewe. Lakini wengi, kaseti ilianza wakati wameshapita majina, au walianza kulia kabla, au walisema tu "mimi baba yenu". Wakati ule nilijua kila mmoja ni nani, kwa sababu Direkta mzee alikuwa hai na aliniambia. Sasa amekufa, na kichwa changu hakikushika yote.

Habari ilienea. Jumapili baada ya misa watu walianza kuja parsele kwa Papa Sylvestre, wengine kutoka mbali, kusikiliza. Wanaokunywa walipewa Shika Ukuta, sisi wengine chai. Mtu akimtambua wake, naliandika jina lile na kumpa nakala.

Mwaka jana redio ilitaka kufanya sikukuu yake, na Direkta alikuja mwenyewe kwa Papa Sylvestre. Alikaa kwenye benchi, akapokea glasi.

"Mama Zuhura, makosa yalifanyika," alianza.

"Yalifanywa na nani?"

"Amri iliandikwa vibaya."

"Iliandikwa na nani?"

"Mama, tusirudi kule. Sauti zilifutwa, zimepatikana. Tumushukuru Mungu, uturudishie kwa sikukuu."

"Mungu hakufuta kitu. Zilifutwa na nani, Direkta?"

Aliangalia glasi yake. Papa Sylvestre alisimama mlangoni, mikono imelowa maji ya mtama.

"Na mimi," Direkta alisema, kidogo kidogo, kama mtu anayeomba sigara.

"Vizuri. Kesho, siku ya sikukuu, sema hivyo kwenye mikro, watu wote wasikie, na diski nitakuletea mukononi."

Aliahidi. Siku ya sikukuu niliwasha redio tangu alfajiri. Nilimsikia akisema kwamba hazina ya sauti za zamani ilipotea kwa sababu ya hitilafu ya umeme. Hitilafu ya umeme ni mimi. Sikuwapelekea kitu.

Sasa watu wema wananiambia, Mama, umestaafu, hasira inaua, achilia. Kijana mmoja, mhandisi wa ordinateri, aliniambia kosa lile linaweza kumpata yeyote, hata wajuzi wakubwa wa Ulaya limewapata. Najua. Nafasi tupu inaweza kumponyoka mtu yeyote. Sikumkasirikia kwa nafasi ile. Nilimkasirikia kwa yote aliyoyafanya baada ya kubonyeza Antre, akiwa macho, akiwa na mtu pembeni anamwambia simamisha.

Na hasira yangu haiwezi kupoa, kwa sababu kazi yake bado inaendelea. Sauti zisizo na majina bado ziko nyingi, na wanaoweza kuzitambua ni wazee, na wazee wanaondoka. Nikipita mahali pana msiba hapa Kalemie, turubai limefungwa na viti vimepangwa, wengine huuliza ni nani amekufa. Mimi nasimama barabarani najiuliza amekwenda na majina ya nani.