Kifaransa Kwenye Palizi ya Pamba

Mwalimu wetu wa Kifaransa pale Bariadi alikuwa mama wa maneno machache. Ijumaa moja alitangaza kwamba Jumatatu kila mmoja atasimama mbele ya darasa, akitaje kitenzi cha kwenda, aller, kwa nafsi zote, kisha akitumie kwenye sentensi yake mwenyewe. Atakayeshindwa aache Kifaransa, akachukue somo lingine. Mimi nilikipenda Kifaransa kupita masomo yote, na kitenzi hicho ndicho kilichonigomea. Je vais, tu vas, il va, halafu ghafla nous allons, kama mtu aliyebadilisha nguo njiani. Nilikichukia.

Nikaenda nyumbani Shishiyu nikidhani nitapata nafasi ya kusoma. Thubutu! Jumamosi asubuhi mama akanikabidhi jembe. Majirani walikuwa wamekuja kutusaidia palizi ya pamba, na kwetu watu hawalimi kimya. Mmoja huanzisha wimbo, wengine huitikia, majembe yanashuka pamoja. Asiye na wimbo zamu yake ikifika huchekwa mpaka jioni.

Zamu yangu ikafika. Sikuwa na wimbo hata wa dawa. Nikajitosa: "Je vais!"

"Je vais!" wakaitikia, majembe yakashuka.

"Mayu," jirani mmoja akamwita mama kwa Kisukuma, akamwuliza, "huyu mtoto wako anaimba Kizungu gani?"

"Cha shule. We itikia tu."

Nikaimba mpaka nafsi ya mwisho, ils vont, nikarudi mwanzo. Kila nilipokosea, majembe yalipishana, na mstari mzima ulinipigia kelele nianze upya. Hawakunionea huruma hata kidogo. Jua lilipofika utosini nilikuwa sikosei tena.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa. Mikono ikajikunja yenyewe kana kwamba imeshika mpini, mguu ukapiga sakafu, na maneno yakatoka yote, kwa sauti ya shambani. Darasa likaangua kicheko. Wacheke! Nilikuwa na furaha hadi nikataka kuruka.

"Sentensi," mwalimu akasema, bila kutabasamu.

Nilikuwa nimeandaa moja ya kwenda sokoni. Nikaitupilia mbali, nikamtazama usoni.

"Madame, je vais rester ici."

Yaani, kwa kitenzi kilekile cha kwenda: Madamu, mimi nitabaki hapahapa.

Akanijibu kwa Kiswahili, "Haya. Baki."