Leso Aliyoisema Nesi

Majina yao ninayo yote kichwani, ya wajukuu na ya nesi mwenyewe, lakini sitayaandika. Wengine sasa ni watu wazima wenye ndevu, hawatapenda kusomwa habari za makamasi yao.

Ilikuwa miaka ya themanini, Mambrui, mvua za mwaka zimeshika. Binti yangu alikuwa amejifungua mtoto wa mimba ya miezi saba, mdogo hata ukimpakata husikii uzito. Mamake hakuwa na nguvu za kuinuka. Nyumbani mlikuwa na wajukuu wengine wanne, asubuhi skuli, alasiri chuoni kusoma Kurani, na kila jioni hurudi na mafua mapya. Wote watano walikuwa juu yangu, na mikono nilikuwa nayo miwili.

Nesi wa zahanati alikuwa mzaliwa wa upande wa Tanga, ameolewa huku kwetu. Alimsikiliza kichanga kifua, kisha akanitazama mimi.

"Mama, mafua yakimfika huyu, kifua chake hakitayaweza. Hao wakubwa uwafundishe. Waoshe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika. Wasinywe kwa chombo kimoja. Na anayepiga chafya au kupenga kamasi, atumie leso."

"Leso?"

"Leso, mama. Si mkono, si shati."

Nikamwambia hilo si tabu, leso ninazo.

Nikaanza kufundisha. Sabuni ya mche niliikata vipande vinne, kila mtu na chake. Kata ya mtungini nikaificha, nikawapa vikopo, kila kikopo na uzi wa rangi yake, na bado kila siku nilimkuta mmoja akinywa kwa cha mwenziwe. Waambie leo, waambie kesho. Sauti ilinikauka. Lakini la leso walilishika upesi, maana nililifanya jepesi: chafya ikikujia, kimbilia kwa bibi. Basi walikuwa wakija mbio kutoka uani, pua juu, mkono mdomoni, nami nawapa upindo wa leso niliyojifunga.

"Penga. Penga tena. Haya, nenda."

Na upindo wa pili wa leso hiyo hiyo nilikuwa nimemfunikia kichanga. Akicheua maziwa, nampangusa kwa ulio karibu. Sikuwa nikitazama ni upi. Nilikuwa nimechoka, na nilijiona nimefuata kila neno la nesi.

Mmoja tu alinikaidi, msichana wa miaka saba, ambaye kwa utani wetu wa bibi na mjukuu nilimwita mke mwenzangu. Siku moja alifika mbele yangu akasimama, kamasi inamshuka, hataki.

"Bibi, leso yako imelowa. Hapo pana ya kaka."

"Ya kakako ni sumu?"

"Mke mwenza aona kinyaa," akasema, na wenziwe wakacheka. Akajipangusa kwa mkono wa gauni, mbele ya macho yangu. Nikamwambia hatamkaribia mtoto mpaka aache kiburi.

Siku ya nne yake kichanga akaziba pua. Hakuweza kunyonya, akivuta titi mara mbili anaachia, anatafuta pumzi, na mbavu zinaingia ndani. Nilijua mchawi wangu ni nani. Nilimwambia yule msichana, wenziwe wakisikia, kwamba ni yeye na gauni lake aliyemletea ndugu yake maradhi. Alikwenda akakaa nyuma ya mlango.

Zahanati, nesi aliniuliza kama niliwafundisha. Nikamweleza yote, sabuni, vikopo, hata leso nikamwonyesha. Aliushika upindo. Ulikuwa umekauka kama ngozi.

"Mama, wanapenga hapa? Wote?"

"Si wewe ulisema leso?"

Akauachia upindo. "Kwetu hii ni kanga. Leso ni kitambaa cha mkononi. Kidogo. Kila mtu na chake."

"Kwetu hicho ni kitambaa tu," nikasema.

Tulipelekwa hospitali Malindi, mimi na mtoto na mamake. Siku tisa nilikaa kitako, mtoto wima kifuani mwangu, maziwa kwa kijiko, maji ya chumvi puani tone kwa tone. Kila nikisinzia nilimwona yule msichana nyuma ya mlango. Siku ya kumi akanyonya mpaka akashiba, tukaruhusiwa.

Nyumbani nikaichemsha leso ile kwa sabuni, nikaichana. Maandishi yake yakakatika, kila kipande kikabaki na neno lake. Nikamwita msichana.

"Mke mwenzangu, chagua wewe kwanza. Niwie radhi. Ni mimi niliyemwambukiza."

Alikigeuza kitambaa, akakinusa. "Umekichemsha?"

"Nimekichemsha."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Akakibana kwa pini kifuani, akatoka uani. Nikadhani bado ana kinyongo. Kumbe amefuata sabuni. Alirudi mikono inadondosha maji, akakaa mkekani, akainyoosha. Nikampa kichanga ampakate, nami nikajilaza pale pale ubavuni mwao, jua bado kali, na hakuna aliyeniamsha.