Vipande Visivyohesabiwa Kuwa Chakula

Saa mbili asubuhi, Lisekese, wilayani Masasi. Esther Ambrosi amekaa kwenye kigoda ndani ya banda la kumenyea korosho. Tumbo la miezi saba limemnyima nafasi ya kupakata sinia, kwa hiyo sinia ameliweka juu ya ndoo iliyofunikwa mbele yake. Anachukua korosho iliyokwisha kubanguliwa na kukaushwa, anaiviringisha kati ya vidole, ganda laini linatoka. Nzima inakwenda kushoto. Iliyovunjika inakwenda kulia, kwenye bakuli lenye kifuniko.

“Zamani upande wa kulia ulikuwa mdomo wangu,” anasema, na wenzake bandani wanacheka, ingawa wameshausikia utani huo mara nyingi.

Esther, ambaye hapa kila mtu anamwita Mama Dickson, ana miaka 34. Kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na mmoja. Siku ikimwendea vizuri anarudi kwa mumewe, Zabroni, na shilingi elfu sita. Mtoto wao Dickson yuko darasa la tatu. Baada ya Dickson ilikuja mimba nyingine, na hiyo Esther anaizungumzia akiwa ameinamia sinia.

“Alikuwa wa kike. Alizaliwa kabla ya siku zake, kimya. Walimpima, kilo moja na robo. Nilimshika. Mkono wake wote ulikuwa mdogo kuliko hiki kidole.”

Daktari aliwaeleza kwamba presha ya mimba ilipanda, mtoto akakosa damu ya kutosha tumboni. Nyumbani maelezo hayo hayakufika yote. Kilichofika ni ile kilo moja na robo, na ndugu wakajijibu wenyewe: mtoto amekonda, basi mama hakuwa akila.

Ndiyo maana mimba hii ilipojulikana, mama mkwe wake, Bibi Yuliana, alifunga mizigo huko Makote, Newala, akaja na kiroba cha ming'oko, vile viazi vya porini vinavyopendwa sana kwao. Asubuhi uji wa karanga wenye sukari ya kutosha. Mchana ugali na kisamvu cha nazi. Kabla ya kulala sahani nyingine, ili mtoto asilale njaa.

“Unaanzaje kukataa?” anauliza Esther. “Mama wa watu ameacha shamba lake kwa ajili yako.”

Kliniki alianza na kilo 94. Mwezi mmoja baadaye mizani ilisoma 99. Cecilia, muuguzi wa zahanati ya karibu, alimwambia waziwazi kwamba uzito huo, pamoja na yaliyompata, unaikaribisha presha. Alimpa vidonge vya kila siku na kumwomba apunguze sukari na ile sahani ya usiku. Esther alisingizia kiungulia, sahani ikasimama. Mwezi uliofuata alikuwa na 103.

Cecilia alimtaka ataje kila alichokula. Akataja. Muuguzi akamtazama kwa jicho la mtu anayedanganywa.

“Nilitoka pale nalia,” anasema Esther. “Sista ananiona mwongo, na mimi sikuficha hata tonge.”

Siku chache baadaye Cecilia alipita bandani kununua korosho za kumpelekea mgeni. Akasimama nyuma ya Esther akimtazama anavyofanya kazi. Nzima, kushoto. Iliyovunjika, mdomoni. Nzima, kushoto. Mbili zilizovunjika, mdomoni.

“Mama Dickson, na hizo?”

“Hizi? Hizi ni kazi, sista.”

Cecilia anakiri hakujua acheke au akae chini. Ukimuuliza mtu wa hapa korosho ni nini, atakwambia ni shamba, au ni bati la nyumba. Ya kutafuna ukiwa kazini haina hesabu. Kesho yake Esther aliviweka vipande vyote bakulini badala ya kuvila. Hadi saa sita mchana vilifika robo kilo.

“Sikumkataza,” anasema Cecilia. “Korosho ni chakula kizuri, na mjamzito hatumwambii ajikondeshe. Nilimwambia kiganja kimoja kwa siku, vingine vifunikwe.”

Alibaki Bibi Yuliana, aliyekuwa ameanza kuirudisha sahani ya usiku kwa hoja kwamba kiungulia hakidumu miezi yote. Cecilia akaenda nyumbani kwao.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Lakini kama umekuja kuninyima kumlisha huyu, umechoka bure. Yule mjukuu alikufa kwa njaa. Nilimwona kwa macho yangu.”

Cecilia alimweleza polepole kwamba chakula kilikuwepo, ila presha ndiyo iliyozuia kisimfikie mtoto. Bibi akauliza, “Kwa hiyo si mimi?”

Mwaka wa mimba ile mavuno yalikuwa mabaya na Bibi hakupeleka unga Lisekese. Kwa miaka miwili alikuwa ameubeba msiba huo peke yake, akiamini debe moja la unga lingemwokoa mtoto. Esther hakuwahi kujua. Walilia wote watatu, na aliyeyaandika haya, aliposimuliwa, naye hakubaki na macho makavu.

Siku hizi Bibi anapika matembele, samaki na ugali wa kiasi, na jioni wanatembea pamoja hadi kanisani na kurudi. Kwa miezi miwili Esther ameongezeka kilo mbili tu, na presha imetulia. Cecilia anasisitiza kwamba chakula peke yake si kinga, kwa hiyo kliniki ni kila baada ya wiki mbili.

Mwezi ujao Esther atahamia Mkomaindo mjini, kwa mdogo wake Queen, asubiri siku yake karibu na hospitali. Bibi atakwenda naye.

“Sitaki mtoto mnene, wala sitaki mzuri,” anasema Esther jioni, nyumbani kwake. “Yule walinipa yuko kimya. Huyu nataka alie, alie mpaka majirani walalamike.”

Bibi Yuliana, anayechambua matembele mlangoni, hainui kichwa.

“Hao majirani,” anasema, “niachieni mimi.”