Uvundo wa Chumba cha Vijidudu

Mama Chupa alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Hakunywa kwenye kikombe cha mtu mwingine, na mkwewe alipopiga chafya mezani, yeye alinyanyuka na sahani yake bila kuaga. Ajabu ya Mungu, riziki yake aliipata kwenye uchafu: miaka kumi na tisa alikuwa akiosha chupa katika maabara ya udongo, chupa zenye utelezi kama makamasi na harufu ya mayai viza.

Vijidudu vilivyofugwa katika chupa hizo vilikuwa na kazi moja ya maana, kuchukua naitrojeni hewani na kuigeuza amonia, chakula cha mimea. Ila vilikuwa vivivu vyenye akili. Vikionja amonia ya bure, hukifunga papo hapo kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, vikakaa kula vya dezo. Amonia ikiisha, hukifungua na kuanza upya.

"Kama shemeji yangu," Mama Chupa alipenda kusema. "Akisikia chungu kimeiva, hagusi jembe."

Basi mwaka wa kumi na tisa vikagoma. Wiki tatu nzima, kila kipimo hakuna kitu. Profesa, mkuu wa maabara, akamwita mbele ya wanafunzi.

"Wewe mama, unaoshea nini chupa zangu? Vijidudu vimeshiba amonia, na amonia hiyo inatoka kwenye sabuni yako."

"Sabuni ni ileile ya miaka yote, Profesa."

"Basi mikono yako ndiyo michafu."

Mikono! Mtu aliyenawa hadi ngozi ikachubuka! Maneno hayo yalimchoma kama mwiba wa samaki, yakamnyima usingizi. Aliosha chupa zote upya kwa asidi, akazisuuza mara saba. Vijidudu kimya.

Jumatatu moja asubuhi, alipofungua chumba cha joto vilimokuzwa vijidudu, pua ikamshtua. Nyuma ya uvundo aliouzoea kulikuwa na mwingine, mkali, wa kuchoma macho. Mkojo. Hakumwambia mtu. Alijaza maji safi chupa mbili, akaziba kwa pamba, moja akaiacha humo, nyingine akaiweka ukumbini. Kesho yake akazitia matone ya kupimia amonia. Maji ya ukumbini hayakubadilika. Ya chumbani yakageuka njano iliyokoza.

Akamwita fundi seremala aliyekuwa akirekebisha madirisha. "Nibandulie huo ubao wa dari, pale penye doa la kahawia."

Fundi akaingiza patasi. Ubao ukajipinda, kisha ukaachia. Rundo la mavi ya popo likaporomoka, bichi, jeusi, limejaa mende na funza, na mkojo ukamwagika begani kwa fundi. Popo aliyeoza akaangukia kiatu cha Mama Chupa. Mwenyewe akatapika hapo hapo, hadi nyongo.

"Ina maana siku zote tunavuta hii?" fundi akauliza, akitema mate.

"Sisi tunavuta. Wenzetu kwenye chupa wanakula."

Kusafisha dari na kupiga mbao mpya kulichukua siku nne. Wiki iliyofuata vijidudu vikachapa kazi kama havijawahi kugoma.

Kisha wakaja wageni kuitazama maabara, wanafunzi nao wakiwapo. Profesa akasimama chini ya dari mpya, povu la mate pembeni mwa mdomo. "Dari hii niliishuku tangu mwanzo," akasema.

Mama Chupa alikuwa akipita na sinia. Kinyaa alichoona kilizidi cha siku ya funza. Popo angalau hakujisifu.

"Tangu mwanzo ulinishuku mimi, Profesa," akasema. "Mbele ya wanafunzi hawa hawa."

Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akamwomba aeleze ilivyokuwa, naye akaeleza yote, na chupa zake mbili, huku Profesa akikagua viatu vyake mwenyewe.

Mwezi huohuo Mama Chupa aliomba kuhamia kitengo cha mbegu. Vumbi la huko lilimkohoza, lakini usingizi wake ulirudi, na huko ndiko alikostaafia.