Matairi ya Majira Sita

Lori la magogo lilipita nyuma ya gari langu, karibu kiasi kwamba upepo wake ulilitikisa gari zima, na mimi nilikuwa nafikiria supu ya samaki.

Sikushtuka. Moyo haukwenda mbio. Mikono ilikuwa imetulia juu ya usukani kama mikono ya mtu mwingine.

Nilikuwa nimeivuka barabara kuu bila kusimama, nikaingia kwenye tuta la theluji upande wa pili. Wipa zilikuwa bado zinafuta.

Nikajisemea neno moja tu: matairi.

Niwaeleze kwa utaratibu, maana kisa hiki mkikisikia nusu mtanihukumu kabla ya wakati.

Naitwa Oiva Kemppainen, nina miaka sabini na minane. Nimeendesha greda la kuondoa theluji kwenye barabara za Kuhmo, huku kaskazini kwenye baridi, miaka thelathini na mmoja. Shule niliimaliza ukubwani, jioni baada ya kazi, na cheti kiko ukutani sebuleni hadi leo. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuingia mtaroni. Hilo naomba lieleweke.

Mke wangu, Hilkka, anaishi mjini kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kumbukumbu zilimtoka polepole, kama mgeni anayeaga chumba kwa chumba.

Kutoka kwangu hadi kwake ni kilomita arobaini na mbili. Kila siku nilikwenda kula naye chakula cha mchana, kisha nikarudi kabla giza halijashuka.

Binti yetu, Sirpa, yuko mji wa mbali, Oulu. Alishanitamkia wazi.

"Baba, ukiteleza mara moja tu, funguo nachukua mimi."

"Nimeteleza lini mimi?"

"Sijasema umeteleza. Nimesema ukiteleza."

Basi la kijijini kwetu lilishaacha kuja. Gari likisimama, mimi na Hilkka tumesimama. Mambo yalikuwa hivyo tu.

Oktoba ilipofika nikayapima matairi yangu ya baridi. Kashata, yale meno ya mpira, zilikuwa zimebaki kidogo sana, na mpira umeanza kupasuka pembeni. Yalikuwa yamefika mwisho.

Watu wa huku, vuli ikiingia, hawazungumzi siasa. Wanazungumza matairi. Ya misumari midogo inayouma barafu, au yasiyo ya misumari. Nimewaona ndugu wa tumbo moja wakinuniana kwenye sauna kwa ajili ya hilo.

Mimi sibishani. Mimi nasoma. Nilichukua majarida matatu yenye majaribio ya matairi, nikakaa nayo mezani na penseli kwa wiki mbili. Breki juu ya barafu. Breki juu ya lami yenye maji. Kelele. Uchakavu.

Hapo kwenye uchakavu ndipo nilipopigia mstari.

Nikaenda kwa Marjut. Huyu ni fundi matairi wetu, mama wa miaka hamsini na kitu, mikono mikubwa, mdomo haujui kuremba. Alirithi gereji kwa baba yake.

"Mzee Oiva, karibu. Umekuja kununua, au umekuja kunifundisha?"

"Vyote viwili."

Akanimiminia kahawa, akanikatia kipande cha andazi la iliki. Nikamwonyesha jarida. Nilitaka yale yasiyo na misumari, ambayo mtengenezaji wake anasema yatadumu majira sita ya baridi.

Marjut akasoma, akakuna shingo.

"Haya mpira wake ni mgumu."

"Ndiyo maana yanadumu."

"Mzee, tairi linaloisha ndilo linaloshika. Mpira laini unajitoa. Mpira mgumu unajitunza wenyewe. Chukua haya mengine, ya misumari. Utayatumia majira matatu, labda manne, lakini kwenye barafu utanishukuru."

"Nataka sita."

"Sita uende wapi?"

"Kwa mke wangu."

Akalifunga jarida. Pale mjini kila mtu anamjua mwenzake, na muuguzi wa Hilkka ni binamu wa Marjut. Nadhani alishasikia nilichoambiwa na daktari wa Hilkka mwezi wa nane, kwamba mambo ya mbali tusiyapange.

Lakini mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu. Majira sita, nitakuwa na miaka themanini na minne, Hilkka themanini na miwili. Kuchukua ya majira matatu kulikuwa ni kama kutia saini kwamba hatafika mbali.

"Sawa," alisema Marjut. "Ni gari lako. Ila kwenye barafu nyeusi, ile isiyoonekana juu ya lami, nenda kama umebeba mayai."

"Nimeendesha kwenye barafu kabla hujazaliwa."

"Greda, mzee. Greda halitelezi, lina tani kumi na nane."

Nikajikausha, nikanywa kahawa yangu.

Novemba matairi mapya yakafanya kazi vizuri. Yalikuwa kimya kama soksi. Nikampigia Sirpa kumweleza jinsi yalivyo kimya, nikamsomea takwimu za uchakavu. Alisikiliza, halafu akauliza hali yangu. Nikamwambia mpira haujachakaa hata kidogo.

Ndivyo tulivyokuwa tunaongea siku hizo.

Wiki ya pili ya Desemba, baridi ikiwa digrii ishirini na moja chini ya sifuri, nilikula na Hilkka supu ya samaki. Alikuwa mchangamfu. Alinitazama muda mrefu, akauliza kwa heshima, kama anavyoulizwa mtu mliyekutana kituoni.

"Wewe una mke?"

"Ninaye."

"Ni mwema?"

"Mwema sana."

"Basi nenda, asikungoje."

Nikambusu kwenye paji la uso, nikavaa kofia, nikaondoka. Sikulia. Sikuhisi chochote. Njiani nilifikiria kwamba supu ilikuwa na viazi vingi na samaki kidogo.

Mpaka nilipojikuta ndani ya tuta.

Dereva wa lori alisimama mbele huko, akarudi kwa miguu. Mwanamume mwenye ndevu zilizoganda. Alikuwa anahema.

"Mzee, uko mzima?"

"Mzima."

"Umenipita puani. Unajua hilo? Nimekupigia honi."

"Ni matairi. Mpira mgumu. Nilionywa."

Aliinama akayatazama, akanitazama mimi. Akachukua koleo langu kwenye buti, akaanza kuchimba. Nami nikachimba upande wa pili. Gari halikuwa na mkwaruzo.

Alipomaliza aliniuliza kama kuna mtu nyumbani. Nikamwambia yupo. Ulikuwa uongo, lakini ulitoka wenyewe.

Siku tatu sikumwambia mtu. Niliendelea kwenda kwa Hilkka, taratibu, kilomita hamsini kwa saa, msafara wa magari nyuma yangu.

Siku ya nne nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Marjut. Mjue, kwa mtu wa aina yangu, kuingia gereji na kusema "nilikosea" ni sawa na kuingia mtupu. Nilijizoeza maneno ndani ya gari.

"Ulikuwa sahihi," nilisema. "Yatoe haya. Nipe ya misumari."

Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Kumetokea nini?"

Nikamweleza. Njia panda, lori, tuta. Nikamweleza na halijoto, maana takwimu hunituliza.

"Uliteleza umbali gani?"

"Sijui. Moja kwa moja."

"Ulipokanyaga breki, pedeli ilitetemeka?"

"Vipi?"

"Gari lako lina breki zile za kompyuta. Tairi likianza kuteleza, pedeli inagonga chini ya mguu. Drrr. Huwezi kukosa kuisikia. Ilitetemeka?"

Nikafikiri. "Nadhani."

"Njoo."

Alichukua funguo mkononi mwangu, akanikalisha kiti cha abiria, akaenda nyuma ya gereji ambako uwanja wote ni barafu tupu. Akakanyaga mafuta kidogo, akashika breki. Gari lilikoroma kama paka amekanyagwa mkia, likayumba, likasimama. Umbali wa magari mawili hivi, si zaidi.

"Yanashika," alisema. "Si kama misumari, lakini yanashika. Sasa wewe."

Tukabadilishana viti. Nikaenda, nikakanyaga.

Pedeli ilinigonga kwenye soli ya kiatu. Niliisikia hadi gotini.

Marjut hakuniangalia. Aliangalia mbele, kwenye ukuta wa matairi mabovu.

"Siku ile ulisikia hivyo?"

Nilirudi kichwani hadi kwenye ile njia panda. Nilikiona kibao cha kusimama. Niliziona taa za lori zikija kutoka kushoto, mbili chini na nne juu. Nilikuwa nimeviona vyote, waziwazi, kama mtu anayetazama televisheni ya jirani kupitia dirisha.

Na mguu wangu ulikuwa wapi? Ulikuwa sakafuni, juu ya zulia la mpira. Umepumzika.

"Sikukanyaga," nilisema.

"Ndiyo."

"Nililiona lile lori, Marjut. Nililiona na sikukanyaga."

"Nimesikia, mzee."

"Sikutaka kufa. Sikutaka chochote. Ndilo tatizo, nadhani."

Alizima injini. Angeweza kuniuzia matairi mapya manne siku hiyo. Pesa ilikuwa mfukoni mwangu na kosa nilishalikubali. Badala yake aliweka funguo juu ya dashibodi, katikati yetu.

"Usimwambie Sirpa," nilisema.

"Mimi simwambii. Utamwambia wewe, na kwa simu ya hapa, kabla kahawa haijapoa."

Nikapiga. Nilianza na uchakavu wa mpira. Marjut akanikazia macho. Nikaanza upya.

Sirpa alinisikiliza hadi mwisho. Nilingoja aseme funguo. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa funguo.

"Baba," alisema, "mara ya mwisho umelala usiku mzima ni lini?"

Nilijua kashata za matairi yangu zina milimita ngapi, lakini hilo sikulijua.

Gari nililiacha pale pale uwanjani. Hakuna aliyeninyang'anya.

Daktari alinipa jina la hali ile na vidonge vidogo, na wiki baada ya wiki nilikaa na mwanamke mmoja wa zahanati ambaye kazi yake ni kusikiliza. Teksi ya wazee ya halmashauri ilikuja Jumanne na Ijumaa tu, kwa hiyo Desemba ile nilimwona Hilkka mara mbili kwa wiki. Hizo siku nyingine ndizo gharama niliyoilipa, na sikuizoea.

Januari nikaifunga nyumba, nikapanga chumba mjini. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni hatua mia nne na kumi. Nazihesabu, ndiyo. Mtu habadiliki kwa yote.

Gari lilichukuliwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Nilimweleza kwa kirefu kuhusu mpira, hadi akaanza kuangalia saa.

Somo langu ni hili, na nimelilipia. Miaka arobaini nimesoma majaribio ya matairi, na hakuna jarida lililowahi kuupima mguu. Kitu kinachodumu hakikuokoi kama wewe mwenyewe umeshaacha kukanyaga. Ukijikuta unatazama hatari ikija na huhisi kitu, usimlaumu fundi, wala usijisifu kwamba una moyo wa chuma. Mwambie mtu siku hiyo hiyo.

Jana nilifika kwa Hilkka na theluji mabegani. Akanipangusa kwa kiganja, bega moja, kisha la pili.

"Umekuja na usafiri gani?" akaniuliza.

"Kwa miguu."

Akafikiri kidogo, akasogea kwenye kochi kunipa nafasi.

"Basi hukai mbali," alisema.