Siku Kinu Chetu Kiliponyamaza

Mwezi uliopita nilikwenda Ruangwa kumtazama mdogo wangu, maana nilipiga simu weee, hapokei. Nilimkuta kajifunika khanga mbili, anakohoa. Uani, kinu cha marehemu bibi yetu kimelazwa ubavu, kuku wanatagia ndani. Nilikitazama, ndugu yangu, na utoto wote ukanirudia.

Enzi zile tulilelewa na bibi huko Nambilanje, wazazi wakiwa Nachingwea kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Kulipokucha, kijiji kizima kilikuwa vinu. Ukiwa bado umelala ulijua nani anatwanga mtama, nani makopa ya muhogo, na nani kaamka na hasira za mumewe. Kinu cha nyumba fulani kisiposikika, jirani alipiga hodi na bakuli la uji bila kutumwa na mtu. "Kinu kikinyamaza, wewe usinyamaze," bibi alizoea kusema.

Halafu yakaja mafua makubwa, yaliyosemekana yanaizunguka dunia nzima. Kwetu yalifika na vijana waliorudi kutoka Nachingwea. Shule ilifungwa, maana hata mwalimu alikuwa kitandani. Mimi nilipona upesi, lakini bibi alianguka, na mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede, akabanwa na kifua.

Bibi, kwa huruma zake, akaniambia, "Mjukuu wangu, twanga. Hata pumba, twanga tu. Kila mtu ana mgonjwa wake, tusiwasumbue."

Basi kila alfajiri nikatwanga pumba, na nilivyojiona mkubwa! Nyumba ilinukia majani ya mvumbasha tuliyomfukizia mtoto, lakini kifua kilizidi kukoroma, na mlangoni hakuja mtu.

Asubuhi moja mtoto alikataa hata maji. Kila akivuta pumzi, mbavu zinabonyea. Niliogopa mno, nikautupa mchi, nikampakata.

"Mbona hutwangi?" bibi aliuliza kwa sauti ya kukauka.

Haikupita muda, mama jirani, Mmakonde aliyehamia kutoka Msumbiji, akaingia na uji wake, mwenyewe anakohoa.

"Kila siku nawasikia mnatwanga, nasema kule wazima," alisema, macho kwa mtoto. "Kumbe mnatudanganya!"

Akamfunga mgongoni, akaenda naye kwa miguu mpaka zahanati, mtoto akachomwa sindano. Siku alipomrudisha, mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zake zote, na bibi naye akalia. Sijapata tena kusikia kelele tamu kama zile.

Siku hizi kuna mashine ya kusaga, wala siilaumu. Sugu za mchi ninazijua. Lakini siku ile ya Ruangwa, nilipokuwa nampakia mdogo wangu kwenye bajaji kumpeleka hospitali, jirani yake wa ukuta kwa ukuta alitoka mbio, mama mwema kabisa, mikono kichwani.

"Jamani, bibi huyu anaumwa?" aliuliza, akimtazama mdogo wangu. "Mbona hatukusikia kitu?"