Mfupa Kwenye Supu ya Vitunguu

Mimi ni mtu wa Singida, kwa hiyo habari ya vitunguu sitaki kufundishwa na mtu. Nimekulia juu ya magunia yake. Ndiyo maana jirani yangu aliponiambia kwamba vitunguu vya supu yake vinakaangwa saa mbili nzima kwa moto mdogo, nilimcheka waziwazi. Saa mbili! Kwetu saa mbili pilau limeshaiva, limeliwa, na masufuria yameoshwa.

Jirani huyo alikuwa Mjapani, mwalimu wa kujitolea, anafundisha hesabu kwenye shule yetu upande wa Chiungutwa. Nyumba zetu za walimu zilitenganishwa na kamba ya kuanikia nguo tu. Alifika akijua maneno matatu ya Kiswahili. Mwaka wa pili ulipokuwa unaisha alikuwa anawaamkia shikamoo hata waendesha bodaboda wadogo kuliko yeye, na akichoka anasema "haya bwana" na kushusha pumzi vilevile kama watu wa huku. Tulimpenda sana. Tatizo lilikuwa moja tu, hali nyama.

"Hata kuku?" Kila mtu alimuuliza hivyo, kuanzia mkuu wa shule mpaka mama anayeuza mihogo Nanganga.

"Hata kuku."

"Samaki je?"

"Hata samaki, mama."

"Basi dagaa. Dagaa ni mboga tu."

Naye anacheka, anatikisa kichwa, na aliyeuliza anamtazama kwa huruma, anadhani ni mgonjwa.

Kwenye kila shughuli ilikuwa hivyohivyo. Harusi, kipaimara, mahafali. Sisi tunazunguka sinia watu sita sita, mikono inagongana kwenye pilau, mtu anamnyang'anya mwenzake kipande, kelele tupu. Yeye anawekewa kiti pembeni na sahani yake peke yake, yenye wali mweupe, kachumbari na ndizi moja. Tena tulijiona tumemheshimu kweli. Akiulizwa anasema, "Asante, nimeshiba," na tunaamini.

Zilipobaki wiki tatu aondoke, nilimuuliza angependa zawadi gani. Walimu tulikuwa tunafikiria vitenge. Alikuwa anaanua nguo zake. Akasimama na shati mkononi, akasema, "Ningependa siku moja nile chombo kimoja na ninyi."

Jamani! Miaka miwili, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia palepale kwamba siku ya kumuaga atakula chungu kimoja na shule nzima, nakuapia haki ya Mungu. Mimi mdomo wangu huwa unatangulia, akili inakuja baadaye kwa mguu.

Sasa tupike nini? Maharage? Hakuna mwalimu atakayevaa suti yake kuja kula maharage. Ndipo akanieleza supu ya mama yake. Yenyewe ni supu ya Wafaransa, ya vitunguu, na kwao hupikwa kwa mchuzi wa ng'ombe, kisha juu panawekwa mkate na jibini inayeyuka. Mama yake, ambaye naye hali nyama, alimtoa ng'ombe akatia miso. Akaniletea kopo lake nione. Ilikuwa kama uji mzito wa soya na chumvi, umechachushwa miezi na miezi, rangi ya udongo wa Newala, harufu ya togwa iliyosahaulika kwenye chungu. Nilichovya kidole kwa woga, nikalamba. Loo! Ilikuwa na utamu uleule unaokaa kwenye ulimi baada ya nyama, na hakuna mnyama aliyeguswa.

Kopo lilikuwa limebaki robo. "Inatosha sufuria moja kubwa," alisema. "Lakini itie mwishoni kabisa, ukishaepua. Usiichemshe."

Jibini sikuitafuta hata. Mtu anaishi Masasi, nyumba imejaa korosho, ahangaike na jibini ya nini?

Kupikia walimu wote na kamati ya shule si kazi ya mtu mmoja, kwa hiyo nikampigia simu mama mkwe, Newala. Huyu ni fundi wa shughuli. Anaitwa kupikia harusi na unyago mpaka Kitangari, na mwiko wake mkubwa anatembea nao mwenyewe, haazimi kwa mtu. Alishuka kwenye basi na sweta lake la baridi ya kule juu, mfuko wa korosho kichwani, akaanza kulaumu jua la kwetu kabla hata sijamaliza shikamoo.

"Marahaba. Mbuzi yuko wapi?"

Maana mbuzi alikuwepo. Mkuu wa shule, kwa furaha yake, alishanunua. Nilimfuata ofisini nikamwambia, "Mkuu, anayeagwa hali nyama." Akanijibu kwa upole, "Najua, mwalimu. Ni kwa heshima yake." Tukakubaliana kwamba supu itatangulia, mabakuli makubwa, watu sita kila bakuli, mgeni wetu katikati yetu. Mbuzi na pilau vitafuata kwa wanaotaka.

Asubuhi ya siku yenyewe tulimenya ndoo mbili za vitunguu kutoka soko la Masasi. Tulilia machozi mpaka mama mkwe akauliza msiba ni wa nani. Nikabandika, moto mdogo, nikaanza kukoroga taratibu. Baada ya saa moja akachungulia.

"Vitunguu vyako vimekimbia, mkwe wangu."

"Havijakimbia, mama. Vinapungua."

"Tangu asubuhi vinakaangwa. Mchele unatia saa ngapi?"

"Si pilau. Ni supu."

"Supu ya nini?"

"Ya vitunguu."

Akaniangalia usoni. Akaangalia sufuria. Akarudi kwa mbuzi wake upande wa pili wa ua, na nikamsikia anasema peke yake kwa Kimakonde maneno ambayo, kwa miaka saba niliyoolewa, nimejifunza kutouliza maana yake.

Lakini vilipofika rangi ya kahawia iliyokolea, harufu ikavuka uzio. Mwenyewe nilijipongeza. Nikatia maji, pilipili manga kidogo, jani la mdalasini, nikaacha ichemke polepole. Korosho nilikuwa nimezitwanga kwenye kinu na chumvi na ndimu mpaka zikawa laini za kupaka. Kilichobaki kilikuwa mikate, na bodaboda niliyemtuma Masasi alikuwa amekwama njiani na pancha. Nikaenda barabarani kumngoja.

Niliporudi na mikate yangu kifuani, nilichukua upawa nionje chumvi kabla ya kuepua na kutia miso. Upawa ukawa mzito. Nikainua. Goti la mbuzi.

Nililitazama lile goti nalo linanitazama, mafuta yanadondoka, na juu ya supu yangu vimiduara vya mafuta vinaogelea bila haya.

"Mama! Hiki nini?"

"Ni mfupa," akasema, hana wasiwasi wowote.

"Mama, nilikueleza mgeni hali nyama!"

"Sasa iko wapi nyama hapo? Angalia." Akaja, akaushika ule mfupa kwa vidole vyake visivyojua moto, akaugeuza. "Nimekwangua nyama yote kwa kisu. Nimesafisha, mweupe pe. Nimetia mfupa mtupu, ipate kuitwa supu. Au unataka wageni wale maji ya vitunguu, waseme nyumba ya mwanangu hakuna kitu?"

Na kweli alikuwa ameukwangua. Kazi ile haikuwa ya dakika mbili. Alikuwa amekaa na kisu kidogo akatoa kila uzi wa nyama, akiamini kabisa kwamba anaitunza ahadi yangu.

Mimi nina hasira za karibu. Angekuwa dada yangu, kelele zingefika Lukuledi. Lakini ni mama mkwe, na kwa mama mkwe mtu anameza. Nilimeza nusu, nusu ikatoka. "Umeniharibia, mama. Miaka miwili anakula pembeni kama mtu aliyetengwa. Ameomba kitu kimoja tu, ale chombo kimoja na sisi. Nimemwapia. Sasa nitamwambia nini?"

Nikaona uso wake unabadilika.

"Amesema hivyo? Chombo kimoja?"

"Kwa mdomo wake."

Akaweka mfupa chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akaenda jikoni kwangu, akarudi na vitunguu vilivyobaki. Sita tu. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kuvikata vyembamba, haraka. Mama mkwe akinyamaza, ujue ameumia.

Kutoka darasani, ilikokuwa sherehe, tulisikia meza inagongwa. Mkuu ameanza hotuba. Hotuba za mkuu wetu ni ndefu, tumezinung'unikia miaka yote, ila siku ile niliomba aongeze. Na akaongeza, Mungu ambariki. Alianza na historia ya shule, akaingia kwenye umuhimu wa hesabu, akapitia hata mavuno ya korosho. Sisi huku nyuma tulikuwa na sufuria ndogo, vitunguu sita, moto mdogo, tunapokezana mwiko. Vilipokolea nikatia maji, nikaacha, nikaepua, nikachota miso kijiko kimoja kwenye lile kopo nikakoroga. Ile supu kubwa haikuhitaji tena miso. Ilikuwa imeshapata mbuzi.

Supu ndogo niliimimina kwenye bakuli la udongo, mkate juu, korosho juu ya mkate. "Inatakiwa iungue kidogo juu," nilimwambia mama mkwe. "Wenzetu wana oveni."

"Oveni ya nini?" Akalifunika bakuli kwa sinia la bati, akapalia makaa juu yake, mengi pembeni, machache katikati, anasikiliza kwa sikio. Alipofunua, korosho zilikuwa zimepata rangi ya dhahabu na pembe za mkate zimeungua kidogo tu. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kikitoka kwenye ua wangu. Lakini lilikuwa bakuli moja la mtu mmoja, na hilo ndilo lililoniuma.

Supu kubwa ilipelekwa kwenye mabakuli ya watu sita sita. Walimu waliishangilia. "Supu ya Kifaransa hii! Mwalimu, umetisha!" Nilitabasamu kwa meno tu. Nikampelekea jirani yangu bakuli lake, nikachuchumaa karibu naye, nikamwambia ukweli. "Ile kubwa imeingia mfupa. Nisamehe. Hii ndogo ni safi, nimeipika upya, ni yako peke yako."

Akatazama mabakuli ya wenzake, halafu lake. Akatabasamu lile tabasamu la kila shughuli.

"Usijali, mwalimu. Asante. Nimezoea."

Nimezoea! Bora angenipiga kibao. Nilisimama nikitafuta pa kuficha uso, nikagongana na mama mkwe. Alikuwa na mkeka kwapani na kijiko mkononi. Akautandika mkeka chini, katikati ya darasa, mbele ya mkuu na kamati yake, akaketi, akanyoosha miguu.

"Njoo huku chini, mwanangu. Lete na hilo bakuli."

Mgeni akashuka kwenye kiti chake, ameduwaa. Mama mkwe akachota bila kukaribishwa. Akaonja. Tulimngoja.

"Mfupa ule niliutia mimi," akamwambia. "Sikujua. Hii haina?"

"Haina, bibi."

"Haina kabisa?" Akachota tena. "Mbona tamu?"

Hapo ndipo mkuu, ambaye hakungoja zamu ya mbuzi, alipoinuka na mnofu mdomoni, akaja na kipande cha mkate kuona ni utamu gani huo. Akachovya. Mwalimu wa michezo akachovya. Mwenyekiti wa kamati akakaa mkekani na suti yake. Mimi nikapenya kiwiko kwanza. Mikono ikaanza kugongana kwenye lile bakuli la mtu mmoja, watu wanasukumana, wanacheka, na yule mwenye supu yake nadhani alipata vijiko vinne, havikuzidi.

Kikabaki kipande kimoja cha mkate chini kabisa, kimelowa, kina korosho zilizoungua. Mama mkwe akakifuata na kijiko.

"Bibi, acha!" Ilikuwa sauti ya jirani yangu, kubwa, sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa amemshika mama mkwe mkono, amepiga magoti, nywele zimemwangukia usoni. "Acha, hicho changu!"

Miaka miwili alikuwa akituambia asante, nimeshiba. Mama mkwe alimtazama, akacheka mpaka sweta likatikisika, akakitia kile kipande mdomoni mwake mwenyewe.